Feki, Bandia na Mbadala: Istilahi za Ushindani katika Biashara ya Mikoba ya Anasa

Katika masoko ya Njombe na Makambako, neno feki hutumika kutajia vitu vitatu tofauti: mkoba uliotengenezwa vibaya, mkoba usio na jina la kampuni mashuhuri, na mkoba uliobandikwa jina hilo kwa hila. Katika mazungumzo ya kawaida hapana madhara. Lakini katika lugha ya biashara na sheria mchanganyiko huo ni wa hatari, kwani la kwanza ni suala la ubora, la pili ni biashara halali, na la tatu ni kosa.

Ili kuzitenganisha dhana hizi, yafaa tuanze na nadharia ya Michael Porter, mtaalamu wa Marekani, aliyeeleza mwaka 1979 kwamba ushindani katika biashara huletwa na nguvu tano: washindani waliopo, tishio la washindani wapya, nguvu ya watoa malighafi, nguvu ya wanunuzi, na bidhaa mbadala.

Mfano wa watoa malighafi upo Njombe. Kampuni ya miwati, iliyoanzishwa huko mwaka 1949, ilipanda miti ambayo magome yake hutoa tanini ya kutengenezea ngozi. Hata hivyo, ngozi nyingi duniani hutengenezwa kwa kromi. Kwa hiyo mwenye tanini hawezi kupanga bei apendavyo, maana mnunuzi ana njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ndiyo maana ya mbadala. Sokoni Makambako, mama atakaye kitu cha kubebea anaweza kuacha mkoba wa ngozi akanunua kikapu cha kusukwa. Kikapu hukidhi haja ile ile, wala hakijifanyi mkoba. Mkoba wa mtumba nao, iwapo kweli umetoka katika kiwanda kilichotajwa, ni bidhaa halisi iliyokwisha kutumika. Kuuita feki ni kumsingizia muuzaji.

Bandia ni kitu kinachodai asili isiyo yake. Kampuni ya Louis Vuitton, iliyoanzishwa Paris mwaka 1854, ilibuni mwaka 1896 nakshi ya herufi zake ili kuwazuia waigaji. Baadaye nakshi hiyo hiyo ikawa ndiyo inayoigwa. Nchini Tanzania jambo hili huangaliwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Kwa hiyo twapendekeza: hafifu kwa kilichopungua ubora, mtumba kwa kilichokwisha kutumika, mbadala kwa kinachoshika nafasi ya kingine, na bandia kwa cha udanganyifu peke yake. Feki libaki neno la mazungumzo. Mfanyabiashara ambaye mzigo wake umeshikwa anastahili kusoma katika hati neno lenye maana moja tu, kwa kuwa neno hilo laweza kumwokoa au kumfilisi.