Intaneti inasuasua? Pima kwanza, modemu baadaye

MFANYABIASHARA anayeagiza mzigo Guangzhou akiwa nyumbani kwake Mbagala au Kinondoni huitegemea intaneti kama mwenye duka anavyoutegemea mzani. Intaneti ikisuasua, picha za bidhaa hazifunguki, uthibitisho wa malipo unachelewa na mteja anahamia kwa mwingine.

Wengi wakifikishwa hapo hukimbilia madukani kununua modemu mpya. Baadhi yao hupata nafuu siku hiyo hiyo. Wengine hujikuta na kifaa kipya na kasi ile ile ya zamani, huku sehemu ya mtaji imekwishatoka.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili haitokani na bahati. Data husafiri kwa hatua: hutoka katika nyaya za chini ya bahari, huingia katika mtandao wa kampuni ya simu, hufika mtaani kwa mnara au kwa waya, hupita katika modemu, kisha humalizia safari kwa waifai hadi kwenye kompyuta. Kasi anayoipata mteja ni ile ya hatua iliyo nyembamba kuliko zote. Modemu mpya humlipa mnunuzi pale tu ambapo modemu ya zamani ndiyo iliyokuwa imebana njia.

Somo la miaka ya 90

Jambo hili si geni. Mwaka 1994 ulipoidhinishwa mfumo wa V.34, modemu za laini ya simu zilifikia biti 28,800 kwa sekunde. Mwaka 1998 ukaja mfumo wa V.90 wenye biti 56,000. Kwa hesabu ya karatasini, faili la megabaiti moja lililochukua dakika nne na sekunde 38 sasa lingechukua dakika mbili na sekunde 23.

Hata hivyo, kasi hiyo ya V.90 ilikuwa ya kupakua tu. Kupakia kulibaki biti 33,600. Aidha, ilihitaji kampuni ya intaneti upande wa pili iwe imeunganishwa na mitambo ya simu kwa njia ya dijitali, na laini ya nyumbani isiwe na mikwaruzo. Mteja mwenye laini mbovu alilipia 56,000 na kupata pungufu kwa mbali.

Zipo pia hesabu zinazowachanganya wanunuzi hadi leo. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, wakati mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, kikifanya kazi kikamilifu, hupakua megabaiti 2.5 kwa sekunde. Faili la megabaiti 100 litachukua sekunde 40. Anayetarajia sekunde tano atadhani modemu ni mbovu, kumbe iko sawa.

Vipimo vitatu kabla ya kufungua pochi

Kabla ya kununua chochote, mtumiaji anaweza kufanya vipimo vitatu kwa tovuti au programu yoyote ya kupimia kasi. Akumbuke tu kwamba kila kipimo hula kifurushi, hivyo mwenye bando dogo asirudie mara nyingi.

Kipimo cha kwanza kifanyike kompyuta ikiwa imeunganishwa kwenye modemu kwa waya, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa waifai. Cha pili kifanyike kwa waifai, mahali pale pale anapofanyia kazi. Cha tatu ni kurudia kile cha kwanza katika saa mbili tofauti: alfajiri, na saa tatu usiku watu wengi wakiwa mtandaoni.

Kama kwa waya kasi ni nzuri na kwa waifai ni mbaya, tatizo liko ndani ya nyumba. Mara nyingi kuisogeza modemu kutoka nyuma ya runinga au kabati la chuma na kuiweka juu, katikati ya nyumba, hutosha. Kubadili neno la siri nako husaidia, maana huenda majirani wanatumia bila kulipa.

Kama alfajiri kasi ni nzuri na usiku inaporomoka, mnara au mtandao wa mtaani umeelemewa. Modemu mpya ya aina ile ile haiwezi kupunguza foleni hiyo. Dawa yake ni kujaribu kampuni nyingine, na laini ya simu ya kujaribia ni rahisi kuliko modemu.

Kama kasi ilikuwa nzuri tangu mwanzo wa mwezi na ikashuka ghafla, yafaa kuangalia masharti ya kifurushi. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguzwa kasi mteja akivuka kiasi fulani cha data.

Na kama mji mzima unalalamika, basi chanzo kiko mbali zaidi. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na huduma ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Aliyenunua modemu siku hiyo hakununua kasi.

Modemu inapostahili kubadilishwa

Baada ya kuondoa sababu hizo, hubaki hali ambazo kifaa chenyewe ndicho chenye kosa.

Ya kwanza ni modemu za kuchomeka za 3G. Nyingi ziliuzwa zikiwa na alama ya 7.2, yaani kikomo cha megabiti 7.2 kwa sekunde. Mahali penye 4G nzuri, mwenye kifaa hicho anaacha sehemu kubwa ya kasi mnarani.

Ya pili ni matundu ya waya. Modemu na rauta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100. Aliyelipia kifurushi cha megabiti 200 na kutumia tundu hilo hatavuka 100 hata siku moja.

Ya tatu ni waifai ya zamani inayotumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Masafa hayo hufika mbali, lakini katika nyumba za kupanga na maghorofa yenye rauta nyingi hujaa haraka. Kifaa chenye gigahezi 5 pia hupata nafasi zaidi, ingawa mawimbi yake hupenya kuta kwa shida.

Ya nne ni daraja la modemu ya 4G. Yenye alama ya Cat 4 ina kikomo cha megabiti 150 za kupakua na 50 za kupakia. Cat 6 hufika 300 za kupakua kwa kuunganisha masafa mawili, mradi mnara wa mtaani nao unatoa huduma hiyo.

Kwa wenye intaneti ya faiba, kifaa mara nyingi ni mali ya kampuni. Hao wadai kibadilishwe kabla ya kutoa fedha zao.

Mwenye 4G aangalie pia nguvu ya mawimbi katika ukurasa wa mipangilio ya modemu. Huandikwa kwa namba hasi. Namba ya karibu na -80 ni nzuri; ya karibu na -110 ni dhaifu. Kuihamishia modemu dirishani, upande wa mnara, kunaweza kuongeza kasi bila senti moja kutoka. Panapobaki padhaifu, modemu yenye tundu la antena ya nje inafaa kuliko yenye namba kubwa kwenye boksi.

Hesabu ya mfanyabiashara

Tuseme mwenye duka la nguo hutuma wateja picha 40 kila asubuhi, kila moja megabaiti nne. Hizo ni megabaiti 160, sawa na megabiti 1,280. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti mbili kwa sekunde, kazi hiyo huchukua dakika 10 na sekunde 40. Kwa megabiti 10 huchukua sekunde 128, yaani dakika mbili na ushei. Kwa siku 26 za kazi, tofauti inakaribia saa tatu na dakika 42 kwa mwezi. Hivyo anayeuza kwa picha aulize kwanza kasi ya kupakia, ambayo matangazo mengi huitaja kwa sauti ndogo.

Upande wa gharama, tuseme modemu ni Sh. 150,000 na kupanda kifurushi ni nyongeza ya Sh. 30,000 kwa mwezi. Modemu hulipwa mara moja. Kifurushi kitakula Sh. 360,000 kwa mwaka. Kama vipimo vinaonyesha modemu ndiyo inayobana, kupandisha kifurushi ni kulipia kasi isiyoweza kuingia ndani. Kama kifurushi ndicho kidogo, modemu itakaa mezani ikingoja data isiyokuja.

Tahadhari dukani

Mnunuzi aulize mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, kama modemu imefungwa kwa mtandao mmoja wa simu au inapokea laini zote. Pili, kama inashika masafa ya 4G ya kampuni anayoitumia. Modemu iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa nzuri na bado isishike masafa ya hapa. Tatu, kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Waliokuwa na simu bandia Juni 2016 wanakumbuka zilivyozimwa, na modemu ya laini ya simu nayo ina namba ya IMEI kama simu.

Kwa modemu za mitumba, ambazo bei yake huvutia, laini iwekwe na kasi ipimwe pale pale dukani. Risiti iandikwe muda wa kurudisha, na kipimo cha kwanza kirudiwe nyumbani kabla ya muda huo kwisha. Kasi isipoongezeka, kifaa kirudi dukani na fedha irudi kwenye mzunguko wa biashara.