Pikipiki ya milimani: bei pekee isiwe kigezo

Mfanyabiashara wa Mbeya au Iringa anayenunua pikipiki ya kwanza ya kufuata viazi, chai au mbao vijijini ashauriwa kutazama zaidi ya bei. Mvua za Novemba hadi Aprili hugeuza njia za Rungwe na Mufindi kuwa tope, na pikipiki ya lami hukwama. Inayofaa ina tairi za meno, shokapu ndefu na injini iliyoinuka, kama Honda XL 125 au Yamaha AG 100. Injini ya AG huunguza oili pamoja na petroli. Gharama hiyo ihesabiwe. Kwa iliyotumika, namba za chesisi na injini zilingane na kadi ya TRA. Spea zisipopatikana mjini, mtaji umelala.