Gari Kuvuka Mpaka: Karatasi Zitangulie

Wapo wakazi wengi wa Jabe, mjini Bujumbura, wenye jamaa Kigoma na Ujiji. Barua ya harusi ifikapo, mwenye gari hushughulikia tairi, mafuta na zawadi za bibi arusi. Karatasi huzikumbuka usiku wa kuamkia safari, ofisi zikiwa zimekwisha fungwa.

Jambo liletalo taabu zaidi ni jina lililoandikwa katika kadi ya gari, ile iitwayo karti rozi. Magari mengi hununuliwa mkononi mwa mtu, na mnunuzi hukawia kubadilisha jina. Mjini huenda asiulizwe mwaka mzima. Lakini afikapo Mugina, ili aingie Tanzania kwa njia ya Manyovu, ofisa huona kwamba dereva siye mwenye gari. Hapo yatakiwa barua ya idhini, iliyothibitishwa na notari, yenye jina la dereva, nambari ya gari, nchi aendayo na muda wa safari. Ofisa asilaumiwe: gari la wizi nalo huja na dereva mwenye haraka.

Bima ya nyumbani pekee haitoshi. Tangu mwaka 1987 imekuwapo Kadi ya Njano, ambayo leo ni ya COMESA, nayo hukubaliwa hata Tanzania, ingawa nchi hiyo ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Huombwa kwa kampuni ya bima kabla ya kuondoka. Mtu akigongwa ugenini, kadi hii hugharimia fidia yake kwa kufuata sheria ya nchi ile, pamoja na matibabu ya dereva na abiria wake. Haitengenezi gari la mwenye kadi. Wengi hulitambua hilo wakiwa wamesimama kando ya bamba lililopondeka. Basi na isomwe vizuri: tarehe, nambari ya gari, na majina ya nchi ambazo hazikufutwa.

Forodhani gari huandikiwa kibali cha kuingia kwa muda. Karatasi hiyo itunzwe kama pasi ya kusafiria, na irudishwe wakati wa kutoka. Sherehe ikirefuka, kibali kiongezwe kabla ya kwisha, kwani gari lililopitisha muda laweza kuhesabiwa kuwa limeingizwa bila kulipiwa ushuru. Watoto nao wawe na hati zao za safari; aendaye na mzazi mmoja achukue cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya yule aliyebaki.

Burundi huendesha kulia, Tanzania kushoto. Hatari kubwa haipo pale mpakani, ambapo kila mtu yu macho, bali asubuhi ya pili, dereva atokapo uani kwa wenyeji na kuikuta barabara tupu. Anayeketi kando yake na amkumbushe.