Miguu Inapowaka Moto Usiku: Dawa za Nyumbani na Mipaka Yake

Ukikaa na wazee wa Gehandu jioni utasikia malalamiko haya: mchana miguu ina nafuu, lakini usiku, mtu akishajifunika blanketi, nyayo zinawaka moto. Mwingine anahisi siafu wanatembea ndani ya ngozi. Mwingine anasema anakanyaga pamba. Husingiziwa baridi ya Juni na Julai, jembe, au uzee. Lakini ganzi na maumivu yanayoanza kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda taratibu kuelekea magotini ni dalili ya mishipa ya fahamu inayoharibika. Mishipa hiyo hutoka mgongoni mpaka vidoleni, karibu mita nzima, na ndiyo mirefu kuliko yote mwilini. Ndiyo maana huanza kuumia kabla ya mingine.

Kabla ya kuuliza dawa, uliza chanzo. Kinachoongoza ni kisukari, na wengi wanacho bila kujua. Pombe kali ya kila siku, gongo hasa, huua mishipa hii taratibu, tena mnywaji mara nyingi hali chakula cha kutosha. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi hupunguza vitamini B6 mwilini, na ndiyo sababu wagonjwa wengi hupewa kidonge cha vitamini hiyo pamoja nayo. Metformini, dawa ya kisukari, ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12. Upo pia ukoma, ambao watu hudhani ni habari za Injili tu. Baka kwenye ngozi lisilohisi mguso ni la kupelekwa zahanati upesi. Dawa yake hutolewa bure, na matibabu humalizika kwa miezi 6 au 12.

Sasa tuje jikoni. Dawa ya kwanza ya nyumbani ni unga. Mahindi yakikobolewa ili ugali uwe mweupe, sehemu kubwa ya vitamini B1 hubaki kwenye pumba, na pumba tunawapa nguruwe na kuku. Nguruwe wetu hula vizuri kuliko sisi! Dona, ulezi, mtama na maharage hurudisha kitu hicho mezani. Maziwa, mayai, maini na nyama huleta B12, na kwa nchi ya wafugaji kama yetu hili si jambo gumu sana. Kwa mwenye kisukari, kutembea kila siku na kupunguza sukari kwenye chai kunailinda mishipa kuliko mzizi wowote wa kuchemsha.

Kukanda miguu kwa mafuta ya alizeti kunaleta nafuu, ingawa hakuponyi mshipa. Mafuta yanazuia pia nyayo kupasuka. Usipake katikati ya vidole, maana unyevu huleta fangasi. Tangawizi na manjano kwenye chakula havina ubaya. Kitunguu saumu, ambacho Mbulu inakilima kwa wingi, ni kizuri ndani ya mboga, lakini kukitwanga na kukifunga kwenye unyayo usiku kucha ni hatari, kwa sababu kinaunguza ngozi. Pilipili ni hivyo hivyo. Ni kweli kiini chake hutumika kutengeneza dawa ya kupaka kwa maumivu ya mishipa, lakini kwa kipimo. Pilipili ya kutwanga nyumbani haina kipimo.

Hatari kubwa kuliko zote naiona kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Mguu wenye ganzi hausemi kwamba maji yanaunguza. Mtu anautoa umeota malengelenge, kidonda kinaanza, na kwa mwenye kisukari kidonda cha hivyo kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Maji yawe ya vuguvugu tu, yapimwe kwa kiwiko, na si kiwiko cha mgonjwa bali cha mwingine nyumbani, kwa dakika chache, kisha miguu ikaushwe. Kuota moto wa kuni huku nyayo zimeelekezwa kwenye makaa nako kuna hatari ile ile.

Atakayeona nazidisha asikie hili. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam waliotafunwa miguu na panya wakiwa usingizini. Ganzi iliwanyima hata kengele ya kuamka. Basi kila jioni nyayo zikaguliwe, na mzee asiyeweza kuinama akaguliwe na mjukuu. Katambuga na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na mkono upitishwe ndani kutafuta msumari au mwiba.

Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, wakiwemo wagonjwa wa kisukari, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anaiheshimu dawa itokayo ardhini na anamheshimu tabibu pia, vyote viwili kama kazi ya Mungu mmoja. Kwa hiyo tusiwagombanishe. Mwambie tabibu mzizi unaoutumia, bila aibu, kwa sababu baadhi ya mizizi huumiza figo na ini.

Pale zahanati omba kwanza kipimo cha sukari; ni tone la damu tu. Usinunue vidonge vya vitamini B dukani ukavimeza miezi na miezi, kwa kuwa B6 ikizidi huharibu mishipa ile ile. Diklofenaki haisaidii sana maumivu haya. Tabibu anaweza kukuandikia amitriptilini kidogo usiku. Na ganzi ikija ghafla, au mguu mmoja ukilegea, au mkojo ukishindwa kuzuilika, usikande chochote. Tafuteni usafiri siku hiyo hiyo, Haydom au Dareda.