Tusiifanye Biblia Kuwa Ramli

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumwona Mkristo afanyaye hivi, au labda wewe mwenyewe umefanya. Mtu ana shauri gumu: safari, posa, kazi au kesi. Huichukua Biblia, hufumba macho, hufungua popote na kutia kidole. Mstari uliopatwa na kidole ndio jibu lake. Mimi ni karani wa parokia, na wengine hufanya hivyo mbele ya meza yangu wakimngojea Baba Paroko. Siwacheki, maana hata mimi nilifanya.

Baba yetu alipofariki alituachia mimi na mdogo wangu shamba moja, bila kutugawia. Upande mmoja una kijito na migomba mizuri. Upande wa pili ni mkavu, tena una mawe. Kila mmoja wetu aliutaka upande wa maji. Nikafungua Biblia, kidole kikaangukia kitabu cha Yoshua, pale Mungu anapomwahidi kumpa kila mahali atakapopakanyaga. Nilifurahi mno! Kesho yake nikapiga vigingi kando ya kijito. Mdogo wangu akaving'oa. Tukakaa miezi saba bila kuamkiana, na mama yetu akilia katikati.

Kosa langu lilikuwa nini? Ahadi ile Yoshua alipewa kwa ajili ya taifa zima, wala hakupewa karani amnyang'anye ndugu yake kijito. Tukumbuke kwamba hata Shetani alitumia maneno ya Zaburi ya 91 alipomjaribu Bwana wetu juu ya kinara cha Hekalu. Maneno yalikuwa ya kweli, lakini aliyatumia kwa hila. Yesu alimjibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, kwa kuwa aliyajua Maandiko yote, si kipande kimoja tu.

Labda utasema: "Mbona Mtakatifu Agostino alifungua kitabu akaongoka?" Ni kweli. Mwaka 386, katika bustani mjini Milano, alisikia sauti kama ya mtoto ikimwambia achukue na kusoma, akafungua Waraka kwa Warumi. Lakini kabla ya siku ile alikuwa amekwisha kuzisoma nyaraka za Paulo na kusikiliza mahubiri ya Askofu Ambrosi. Na baadaye, alipokuwa askofu mwenyewe, alimwandikia mtu mmoja, Januario, kwamba hapendi desturi ya watu kupiga kura katika kurasa za Injili ili wapate majibu ya shughuli za dunia.

Basi, wakati wa Kwaresima padre alitushauri tusome kitabu cha Mwanzo kwa taratibu, kila jioni sura moja. Jioni ya 13 nilifika kwa Abramu na Loti. Abramu ndiye aliyekuwa mkubwa, mwenye haki ya kuchagua kwanza; lakini alimwachia Loti, mtoto wa ndugu yake, naye akachagua bonde la Yordani lenye maji mengi. Sura hiyo mimi nisingeichagua kamwe. Usiku ule sikupata usingizi. Alfajiri nilikwenda kwa mdogo wangu nikamwambia, "Chagua wewe." Akachagua upande wa kijito. Mpaka leo nateka maji kwa ndoo, lakini watoto wake hunisaidia kuibeba, na mama anakula kwetu sote.

Ndugu msomaji, ukiona kila mstari unakukubalia lile ulilokwisha kuliamua, jihadhari. Neno la Mungu halina budi mara nyingine kutukataza. Anza na Injili ya Marko: ina sura 16 tu, na ukisoma moja kila siku utaimaliza kabla ya majuma matatu. Sali kwanza. Kisha jiulize: Nani asema hapa, na nani, kwa sababu gani? Mwisho jiulize: Mungu anataka nini kwangu leo? Shauri likiwa zito, mwendee padre au mzee mwenye busara. Hata yule towashi wa Kushi garini mwake alimwomba Filipo amweleze alichokuwa akisoma. Na asiyejua kusoma amwite mtoto wake amsomee baada ya chakula cha jioni. Hivyo watasikia wote nyumbani.