Mkisii Asiwe Mgeni wa Kuchekwa Tu
Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika vichekesho vya runinga, mgeni mashuhuri hualikwa ili kipindi kipone. Lakini aamuaye nani awe mgeni na nani mwenye nyumba ni mtayarishaji, nyuma ya pazia. Marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu aliyefariki mwaka 2015, alivaa lafudhi ya Kijaluo akawa Mzee Ojwang, mwenye nyumba wa “Vitimbi”. Walter Mong’are, Mkisii, alitamba katika “Redykyulass” kwa kumwiga Rais Moi. Lafudhi ya Kisii na Nyamira, je? Mara nyingi hubisha hodi, huchekwa, ikaondoka. Watayarishaji, wapeni kalamu vijana wa Keroka na Suneka. Aandikaye mchezo hahitaji kualikwa.