Pangaboi Likikataa Kuzunguka



Katika nchi yetu hii ya Ugogo mvua huanza kwa kawaida mnamo Desemba, na miezi ya Oktoba na Novemba inayotangulia ndiyo yenye joto kali. Nyumba ya bati mchana wa Novemba haikaliki. Zamani watu walikimbilia kivuli cha mbuyu. Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, na nyumba nyingi, madarasa na zahanati zina feni au pangaboi. Na wenye uwezo zaidi, hasa mjini Dodoma, wamefunga viyoyozi. Basi chombo hicho kikisimama, mwenyewe hunung'unika, akasema, "Mota imekufa," akaenda dukani kununua kingine. Lakini mara nyingi mota haijafa. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi ya kutambua mota inayougua na mota iliyokufa kweli, na jinsi ya kubadilisha kilichoharibika bila mtu kuhatarisha roho yake.

MOTA HUZUNGUKAJE?

Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya. Mwaka 1888 Nikola Tesla alipata hataza nchini Marekani kwa mota iliyotumia jambo hilo hilo. Mota ya pangaboi ni ya ukoo huo. Ndani yake mna koili mbili za waya wa shaba: koili kuu na koili ya kuanzishia.

Tuchukue mfano wa kombeo la kijana alindaye shamba la mtama. Akipeleka mkono kushoto na kulia tu, kombeo litayumba, wala halitazunguka. Yampasa mkono uende pia juu na chini, tena kwa wakati tofauti kidogo, ndipo kombeo lishike mzunguko. Vivyo hivyo koili mbili zikipata umeme kwa wakati ule ule, sumaku hucheza mbele na nyuma tu, na pangaboi husimama likivuma. Kinachotofautisha wakati wa koili moja na wa pili ni kikopo kidogo kiitwacho kapasita. Katika mapangaboi mengi kiasi chake ni mikrofaradi 2.5 hivi, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya pangaboi jipya.

DALILI ZA UGONJWA

Kabla ya kushika bisibisi, yafaa kutazama na kusikiliza.

1. Pangaboi halivumi wala halizunguki. Huenda umeme haulifikii: swichi au regulata imeharibika, au waya umechomoka. Huenda pia waya wa koili umekatika.

2. Linavuma lakini halizunguki, na ukilisukuma polepole kwa kijiti linaanza kwenda. Hapo mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Usiliache likivuma hivyo, kwa maana koili hupata moto na kuungua.

3. Linazunguka kivivu hata likiwekwa kwenye mwendo wa mwisho. Huenda kapasita imedhoofika, au beringi zimekauka.

4. Linakwaruza, na umeme ukiwa umezimwa ni zito kulizungusha kwa mkono. Beringi zimekwisha. Huku kwetu vumbi la kiangazi huchanganyika na grisi likawa kama tope, nalo husaga chuma.

5. Linanuka kuungua, na ndani pameiva weusi. Hicho ndicho kifo cha mota.

KUZIMA UMEME

Umeme wa majumbani ni wa volti 230, nao unatosha kumwua mtu. Kwa hiyo zima swichi kuu ya nyumba, si swichi ya ukutani peke yake. Nyumba iliyofungwa nyaya vibaya huweza kuwa na swichi ya ukutani iliyokata waya usio wa moto, na ule wa moto ukabaki hai darini.

Jambo la pili latupasa sote kulikumbuka. Umeme wa TANESCO ukikatika, au uniti za LUKU zikiisha, hiyo siyo dhamana ya kufanya kazi. Umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi. Na mtu akiwa juu ya ngazi, ndugu yake huweza kununua uniti na kuziingiza kwenye mita bila kujua kinachoendelea. Zima swichi kuu hata kama nyumba nzima ni giza, na umweke mtu mzima pale ailinde.

Kisha hakikisha kwa testa. Ijaribu kwanza mahali penye umeme, kabla hujazima, uone kama inafanya kazi. Ukiisha kuzima, gusa nayo kila waya wa pangaboi. Halafu irudishe mahali pengine panapojulikana kuwa na umeme, kama vile nyumba ya jirani, uone bado ni nzima. Testa mbovu huonyesha usalama pasipo usalama.

KUBADILISHA KAPASITA

Hapana budi wawepo watu wawili, mmoja juu na mmoja chini. Kapasita hukaa ndani ya kikombe cha juu, karibu na dari. Legeza skurubu ya kikombe, ukishushe, uone nyaya zilivyoungwa. Zipige picha kwa simu, au uzichore katika karatasi. Usitegemee rangi peke yake, kwa kuwa viwanda havifuati rangi moja.

Kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Gusisha ncha zake mbili na nyaya za globu ya waya ya volti 230, ukishika penye plastiki, ili umeme uliosalia uishie humo. Kisha itoe. Kapasita mpya iwe na idadi ile ile ya mikrofaradi iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, na volti zisizopungua zile za zamani. Wako wanaodhani kwamba kapasita kubwa zaidi huongeza upepo. Nayo huongeza joto la koili na kufupisha maisha ya mota.

KUPIMA KOILI

Ikiwa kapasita mpya haikusaidia, tumia mita kupima omu za koili. Mota nyingi za pangaboi zina nyaya tatu. Tuziite A, B na C. Tuseme A hadi B imesoma omu 250, na B hadi C omu 300. Basi A hadi C iwe karibu omu 550, yaani jumla ya mbili za kwanza, kwa kuwa umeme unapita koili zote mbili mfululizo. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili atatambua hapa hesabu ile ile anayofanya ubaoni. Mita isiposoma kitu kati ya nyaya mbili, koili imekatika. Ikisoma kati ya waya wowote na chuma cha mota, umeme unavuja, na pangaboi hilo lisitumiwe tena, hata kama linazunguka.

KUBADILISHA BERINGI

Kazi hii hufanywa chini, mezani. Pangaboi lina uzito wa kilo kadhaa, hivyo mtu wa pili alipokee. Tia alama kwa chaki, 1, 2 na 3, kwenye mapanga na mahali yalipofungwa, yarudi pale pale. Fungua kifuniko cha mota, zitoe beringi taratibu, wala usivute nyaya za koili. Namba ya beringi imechongwa ubavuni mwake; nenda nayo dukani ukanunue yenye namba ile ile. Unaporudisha pangaboi juu, funga nati ya boliti lililoshika ndoano ya darini, na urudishe ile pini inayoizuia nati isilegee. Pini hiyo ndogo ndiyo inayozuia pangaboi lisianguke juu ya watoto waliolala.

KIYOYOZI JE?

Feni ya nje ya kiyoyozi nayo, katika viyoyozi vingi, ina mota na kapasita za namna hii. Ikisimama, joto halitoki, kompresa hupata moto mwingi, na chumba hakipoi. Kizime mara moja, wala usiendelee kukijaribu. Kapasita ya kompresa huwa kubwa, mara nyingine mikrofaradi 35, yaani mara 14 ya ile ya pangaboi, na kwa volti zile zile huhifadhi nguvu mara 14.

Anayebadilisha mota hiyo asome kibao cha mota ya zamani: volti, wati, mizunguko kwa dakika, upande inakozungukia, na unene wa ekseli. Mota mpya ifanane nayo, na itiwe kapasita iliyotajwa kwenye kibao chake. Ikiisha kufungwa, zungusha feni kwa mkono kwanza, uhakikishe haigusi popote. Mabomba ya gesi yasiguswe kabisa. Hayo ni kazi ya fundi wa majokofu mwenye vifaa vyake.

MANENO YA MWISHO

Kazi za kufunga nyaya majumbani ni za mafundi wenye leseni ya EWURA, wala makala haya hayampi mwanafunzi ruhusa ya kupanda darini peke yake. Afanye mbele ya mzazi anayeijua kazi, au mbele ya fundi. Lakini hata asiyeshika bisibisi amepata faida. Akijua dalili, ataweza kumwambia fundi, "Linavuma, na nikilisukuma linaenda," na fundi ataanza na kapasita badala ya kuuza pangaboi jipya. Kwa mzazi aliyeuza magunia ya alizeti ili alipie mahitaji ya shule, tofauti hiyo si ndogo.

Na kabla ya kiangazi kukolea, mwezi wa Septemba, zimeni umeme, mpanguse mapanga na matundu ya mota kwa kitambaa kikavu. Mota inayopumua vizuri hukaa miaka mingi, na ikifika Novemba itakuwa tayari kwa kazi.